Kiingereza cha Kikundi: Kazi Iliyokwisha na Kazi Inayoendelea

Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya sehemu moja ya Kiingereza ambayo wengi wetu tuliiacha darasani, hatukuikumbuka tena. Walimu huiita "future perfect continuous". Jina ni refu na linatisha, lakini kazi yake ni moja tu. Inaeleza kwamba siku fulani ijayo itakapofika, kazi fulani itakuwa imeendelea kwa muda fulani.

Mtauliza, kwani mkulima wa ndengu huku Nuu ana haja gani na jambo hilo? Hebu tuone.

KWA NINI TUJISUMBUE

Kikundi kikitaka simiti, mkopo au mafunzo, ni lazima kiandike. Kuna fomu za Women Enterprise Fund, iliyoanzishwa mwaka 2007, na za Uwezo Fund, iliyozinduliwa mwaka 2013. Kuna barua za kwenda kaunti. Kuna ripoti za wafadhili. Nyingi ya karatasi hizo ni za Kiingereza, na nyingi zinauliza mambo mawili: mmefanya nini mpaka leo, na kufikia tarehe fulani mtakuwa mmefika wapi.

Swali la kwanza halina taabu sana. La pili ndilo linalotushika, kwa sababu jibu lake ni ahadi.

Chukueni mfano. Katibu wa kikundi anaandika hivi:

"By December 2027 we will have built three sand dams."

Moyoni alitaka kusema kwamba kufikia Desemba 2027 watakuwa bado wako kwenye kazi ya kujenga mabwawa ya mchanga, na mpango wao ni mabwawa matatu. Lakini mfadhili anaposoma maneno hayo anaelewa jambo lingine kabisa: kufikia Desemba 2027 mabwawa matatu yatakuwa yamekwisha, yamesimama mtoni. Desemba inafika. Mgeni anakuja na gari na kamera. Anahesabu bwawa moja zima na la pili lililofika nusu. Hakuna mtu aliyeiba hata mfuko mmoja wa simiti, na kila mmoja amebeba mawe mpaka mgongo ukauma. Lakini kwenye karatasi kikundi kimevunja ahadi, na ombi la mwaka unaofuata litasomwa kwa shaka.

Kosa si uongo. Ni kitenzi.

TATIZO LINAANZIA WAPI

Linaanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Sikilizeni sentensi hizi mbili za Kiswahili:

Ifikapo Desemba tutakuwa tumechimba mitaro kumi.

Ifikapo Desemba tutakuwa tumechimba mitaro miaka mitatu.

Zote mbili zina "tutakuwa tumechimba". Katika ya kwanza mitaro kumi imekwisha. Katika ya pili hatujasema mtaro hata mmoja umekwisha. Tumesema tu kwamba tutakuwa na miaka mitatu kwenye kazi hiyo. Ile "-me-" inabeba mizigo miwili, na anayesikiliza anaelewa kutokana na maneno mengine. Tukitaka kuonyesha kazi inayoendelea tunaweza kusema "tutakuwa tumekuwa tukichimba", lakini katika mazungumzo ya kila siku ni wachache wanaosema hivyo. Ni maneno mengi mno.

Kiingereza hakikubali mzigo mmoja ubebwe hivyo. Kinataka uchague. Ya kwanza ni:

"By December we will have dug ten terraces."

Ya pili ni:

"By December we will have been digging terraces for three years."

KANUNI YA KUKUMBUKA

Kama mtasahau mengine yote katika somo hili, shikeni hili moja. Kabla ya kuandika, jiulizeni: tunajibu swali la NGAPI, au swali la MUDA GANI?

Ikiwa ni NGAPI (mitaro mingapi, miche mingapi, shilingi ngapi), andikeni "will have" na kitenzi cha kazi iliyokwisha: "will have dug", "will have planted", "will have saved".

Ikiwa ni MUDA GANI (miaka mingapi tukiwa kwenye kazi), andikeni "will have been" na kitenzi chenye mkia wa "-ing": "will have been digging", "will have been planting", "will have been saving".

JINSI YA KUUNDA

Sentensi yetu ni kama ukuta wa mawe manne. Jiwe moja likikosekana, ukuta hausimami.

Jiwe la kwanza ni "will". Hili linaonyesha wakati ujao, kama "-ta-" katika "tutakuwa".

Jiwe la pili ni "have". Kumbukeni, hapa ni "have" kwa watu wote. Tumezoea kusema "she has", lakini baada ya "will" hatusemi "has" kamwe. Ni "she will have", "the group will have", "they will have".

Jiwe la tatu ni "been". Hutamkwa "bin". Halibadiliki.

Jiwe la nne ni kitenzi chenyewe pamoja na "-ing": "digging", "saving", "carrying", "planting".

Tujaribu na watu mbalimbali:

"I will have been saving." Nitakuwa nimekuwa nikiweka akiba.

"You will have been saving." Utakuwa umekuwa ukiweka akiba. Kiingereza hutumia maneno haya haya kwa mtu mmoja na kwa watu wengi.

"She will have been saving." Atakuwa amekuwa akiweka akiba. Kwa mwanamume ni "he".

"We will have been saving." Tutakuwa tumekuwa tukiweka akiba.

"They will have been saving." Watakuwa wamekuwa wakiweka akiba.

Mnaona? Anayebadilika ni mtu tu. Mawe manne yanabaki vilevile. Kwa hiyo mwanakikundi akijua sentensi moja vizuri, amezijua zote.

Kukataa: weka "not" baada ya "will". "We will not have been saving for long." Hatutakuwa tumeweka akiba kwa muda mrefu. Kuuliza: "will" linatangulia mtu. "How long will you have been saving by June?" Kufikia Juni mtakuwa mmeweka akiba kwa muda gani? Swali hili la "how long" mtalikuta kwenye fomu, ama mtaulizwa na mgeni. Likija, jibu lake linaanza na "We will have been…"

MANENO YANAYOFUATANA NAYO

Sentensi ya namna hii karibu kila mara ina vitu viwili: siku inayotazamwa, na muda.

Siku tunaionyesha kwa "by". "By December" ni "ifikapo Desemba" au "kufikia Desemba". Msiandike "in December" hapa, maana hiyo ni "ndani ya Desemba" tu, haionyeshi kufikia.

Muda tunauonyesha kwa "for". "For ten years" ni "kwa miaka kumi". Hesabuni kabla ya kuandika! Kikundi kilichoanza kuweka akiba Januari 2018 kitatimiza miaka kumi Januari 2028. Katibu na mweka hazina wakae pamoja na daftari la kwanza, waone tarehe ya mchango wa kwanza. Afisa akikuta barua inasema miaka kumi na cheti kinasema miaka saba, Kiingereza kizuri hakitawasaidia.

Kuna mtego mdogo hapa. Wakati mwingine siku inayotazamwa haina tarehe, bali ni tukio, kwa mfano mvua itakapoanza. Kiswahili kinaweka "-taka-" ndani ya "itakapoanza", na sisi tunachukua hiyo "-taka-" tunaipeleka Kiingereza: "By the time the rains will start". Hapana. Baada ya "by the time" hakuna "will". Semeni:

"By the time the rains start, we will have been digging for six weeks."

Mvua itakapoanza tutakuwa tumechimba kwa wiki sita.

Ile "will" inakuja mara moja tu, kwenye upande wa kazi.

BWAWA LA MCHANGA LITUFUNDISHE

Sisi wa Kitui na Makueni tuna mfano ambao wenye vitabu vya Kiingereza hawana. Bwawa la mchanga lina sehemu mbili. Kwanza kuna ukuta wa mawe na simiti unaokatiza mto wa msimu. Ukuta huu una mwisho. Siku moja fundi anaweka jiwe la juu, na kazi imekwisha. Kisha kuna mchanga. Mto ukifurika unaleta mchanga, mchanga unatua nyuma ya ukuta, maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliwezi kuyamaliza upesi. Kujaa huko hakuishi kwa siku moja. Kunaweza kuchukua msimu mmoja wa mvua, au misimu kadhaa, kulingana na mto wenyewe.

Basi ukuta ni NGAPI, na mchanga ni MUDA GANI. Tazameni:

"By March 2027 we will have built the wall." Kufikia Machi 2027 tutakuwa tumejenga ukuta. Umekwisha.

"By March 2029 the dam will have been filling with sand for two years." Kufikia Machi 2029 bwawa litakuwa limekuwa likijaa mchanga kwa miaka miwili. Halijasemwa kuwa limejaa.

Kikundi kinachoandika hivi kinamwambia mfadhili ukweli mapema: msije baada ya mvua moja mkatafuta maji ya kutosha kijiji kizima. Atakayekuja atajua anachokuja kuona. Kitenzi kimoja kimezuia lawama ya baadaye.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza: "been" lenye "-ing" na "been" lisilo na "-ing". Someni polepole:

"By Friday we will have been paying for a month."

"By Friday we will have been paid."

Zinafanana kama mapacha, lakini pesa zinakwenda njia mbili tofauti. Katika ya kwanza sisi ndio tunaolipa, mwezi mzima. Katika ya pili sisi ndio tumelipwa! Vilevile "the dam will have been built" ni "bwawa litakuwa limejengwa", yaani limekwisha. Neno "been" peke yake halitoshi kuonyesha kazi inayoendelea. Ni ule mkia wa "-ing" unaoonyesha. Katibu akisahau herufi hizo tatu, au mpiga chapa wa mjini akiziacha, barua imegeuka. Isomeni tena kabla ya kutia sahihi na muhuri.

Mtego wa pili: vitenzi visivyopenda "-ing". Kuna maneno yanayoonyesha hali, si kazi ya mikono: "know" ni kujua, "own" ni kumiliki, "belong" ni kuwa mali ya au kuwa mwanachama. Haya kwa kawaida hayachukui "-ing" hata kama tunazungumzia muda. Hatusemi "we will have been owning the posho mill for five years". Tunasema:

"By 2030 we will have owned the posho mill for five years."

Kufikia 2030 tutakuwa tumemiliki mashine ya kusaga kwa miaka mitano.

Mtego wa tatu: kazi iliyokoma. Sentensi hii inataka kazi iwe bado inaendelea mpaka siku ile tunayoitazama, au karibu nayo sana. Tuchukue mfano ambao Kenya nzima inaujua. Green Belt Movement ilianza kupanda miti mwaka 1977. Kwa hiyo tunaweza kuandika:

"By 2027 the Green Belt Movement will have been planting trees for fifty years."

Hiyo ni sawa, kwa sababu kazi ya chama hicho iliendelea. Lakini hatuwezi kuweka jina la mwanzilishi wake, Wangari Maathai, mahali pale. Yeye alifariki mwaka 2011. Mikono yake ilipumzika. Iliyoendelea ni mikono ya wengine.

Jambo hili linatuhusu. Kuna vikundi vilivyosajiliwa miaka mingi iliyopita, vikalala, kisha vikaamka tena juzi. Je, kikundi kama hicho kinaweza kuandika "we will have been saving for fifteen years"? Hapana. Ile miaka ya kulala si miaka ya kuweka akiba. Andikeni mwaka mlioanza, mseme mlisimama, na mseme mlianza tena lini. Wazee wetu katika mwethya walijua nani alifika shambani na jembe na nani alipita tu barabarani akisalimia. Hesabu ya kazi ilikuwa ya kweli. Na hii ya kwenye karatasi iwe hivyo.

BARUA YA MFANO

Hiki ni kipande kifupi ambacho katibu anaweza kukifuata, akiweka tarehe na hesabu za kikundi chake:

"We started saving in January 2018. By January 2028 we will have been saving for ten years. By then we will also have dug 600 metres of terraces. Our first sand dam is finished. By the end of 2027 it will have been filling with sand for two years. We are asking for cement for a second dam."

Maana yake: Tulianza kuweka akiba Januari 2018. Ifikapo Januari 2028 tutakuwa tumeweka akiba kwa miaka kumi. Kufikia wakati huo pia tutakuwa tumechimba mitaro ya mita 600. Bwawa letu la kwanza la mchanga limekwisha. Mwisho wa 2027 litakuwa limekuwa likijaa mchanga kwa miaka miwili. Tunaomba simiti ya bwawa la pili.

Angalieni kwamba mita 600 zimepewa "will have dug", kwa sababu ni NGAPI. Akiba na mchanga zimepewa "will have been", kwa sababu ni MUDA GANI. Na zile mita 600 sasa ni ahadi. Kabla ya kuziandika, kikundi kizima kikubaliane kama kweli zitachimbwa.

TUMIENI KWA KIASI

Msiijaze barua yote kwa "will have been". Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hawaitumii kila mara. Ni kama chumvi. Mara moja au mbili katika barua inatosha, pale mnapotaka kuonyesha uvumilivu wa kikundi. Kwa kazi iliyoanza zamani na inaendelea leo, tumieni tu "we have been saving since 2018", yaani tumekuwa tukiweka akiba tangu 2018.

Na msisahau haki yenu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Barua ya ofisi ya serikali inaweza kuandikwa kwa Kiswahili safi. Kikundi kisinyamaze ati kwa sababu katibu aliishia darasa la saba. Lakini karatasi ya Kiingereza ikija mbele yenu, msitie sahihi kabla ya kujua inaahidi nini. Atakayeulizwa baadaye ni mwenye sahihi.

ZOEZI LA KIKUNDI

Wekeni sentensi hizi kwa Kiingereza. Mmoja asome kwa sauti, wengine waseme kwanza kama ni NGAPI au ni MUDA GANI. Zimo mbili zenye mtego.

1. Ifikapo Agosti 2028 tutakuwa tumepanda miche 500.

2. Ifikapo Agosti 2028 tutakuwa tumepanda miche kwa miaka mitatu.

3. Mvua itakapoanza, kinamama watakuwa wamebeba mawe kwa wiki mbili.

4. Kufikia Ijumaa mikopo yote itakuwa imelipwa.

5. Kufikia 2030 kikundi kitakuwa kimemiliki shamba hili kwa miaka minne.

MAJIBU

1. "By August 2028 we will have planted 500 seedlings."

2. "By August 2028 we will have been planting seedlings for three years."

3. "By the time the rains start, the women will have been carrying stones for two weeks."

4. "By Friday all the loans will have been paid." Hapa mikopo imelipwa, imekwisha. Hakuna "-ing".

5. "By 2030 the group will have owned this farm for four years." Kumiliki ni hali, kwa hiyo hakuna "-ing".

MASWALI YA KUJADILI

Toeni barua au ripoti ya mwisho mliyoandika. Je, kuna mahali mliahidi kazi iliyokwisha wakati mlikuwa na maana ya kazi inayoendelea? Kama lipo, mtaliandikaje upya? Na je, wanachama wote wanajua kile ambacho kikundi kimeahidi kwa jina lao?

Mkimaliza, kila mmoja aseme sentensi moja ya kikundi chenu inayoanza na "By 2030 we will have been…" Katibu aziandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Mwaka 2030 mtazisoma tena, mkiwa wote pamoja.

Tunawatakia kazi njema na mvua njema.